Mechi ya Mia, Labda

Katika miaka kumi na mmoja aliyoichezea Coldbrook, timu ya Melbourne ya ule mpira wa Kiaustralia unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu, Brodie Haskett alivunjika mtulinga mara mbili, akachanika msuli wa paja la kushoto, kisha wa kulia ili mambo yalingane, akaumia goti, na akateguka kifundo cha mguu kwenye tafrija ya kufunga mwaka alipokuwa akimkwepa mhudumu aliyebeba sinia la pai. Wenzake, ambao kwa ubunifu hawajambo, walimwita Kioo.

Timu yenyewe iliitwa Kwarara, jina la yule ndege mweupe mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayeishi kwa kufukua mapipa ya taka ya jiji la Melbourne. Waasisi walipolichagua jina hilo, ndege huyo alikuwa bado anaishi kwenye vinamasi na alikuwa na heshima zake. Sasa mashabiki wa timu pinzani huja uwanjani na vifuniko vya mapipa na kuvipiga kama matoazi. Klabu ilishajaribu kubadili jina, ikaunda kamati, na kamati ikapendekeza jina libaki ila ndege achorwe akiwa na hasira.

Coldbrook walikuwa na desturi moja ambayo hata kamati haikuthubutu kuigusa. Mchezaji akifikisha mechi mia, jina lake huchorwa kwa rangi ya dhahabu kwenye mlango wa kabati la namba yake, katika chumba cha kubadilishia nguo, na linabaki hapo hata yeye akiondoka, akinenepa na kusahauliwa. Kijana anayerithi namba hiyo hulikuta jina pale kila asubuhi anapotundika taulo. Baadhi ya milango ina majina manne au matano, moja juu ya jingine. Mlango wa Brodie, namba arobaini na tatu, ulikuwa mtupu tangu siku fundi alipoupachika. Ile ilikuwa namba ya vijana wa majaribio, watu ambao hakuna anayetarajia watakaa. Wengi wao hawakukaa.

Brodie alilitaka jina lile. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu mwanamume wa miaka thelathini hatakiwi kulala akiota mlango wa kabati. Lakini alijua kikombe hatashika na medali hatavaa. Kuhusu msimu ujao, kocha Murray Stannard alikwisha kumweleza kwenye foleni ya kahawa, kwa upole mkubwa, baina ya kuagiza na kulipa, kwamba klabu ingemshukuru sana kwa utumishi wake. Ilikuwa imebaki mechi moja ya msimu wa kawaida, na Brodie alikuwa na mechi tisini na tisa.

Bahati ikamtembelea. Alhamisi kijana mmoja wa ushambuliaji, Taj Lindqvist, akaanza kuharisha, na jina la Brodie likaingia kikosini.

Mama yake, Glenys, aliendesha gari siku hiyo hiyo kutoka kwenye mashamba ya ngano ya Wimmera, na hakusimama njiani ila kununua gundi ya karatasi. Kila wiki kikundi cha mashabiki hukusanyika ukumbini na kutengeneza bango la karatasi laini, kubwa kama ukuta wa nyumba, lenye beti za mashairi ambazo hakuna mshairi angekubali kutajwa nazo. Hulishonashona na kulibandika usiku kucha, na kesho yake wachezaji wanalipasua kwa vifua wakiingia uwanjani. Kazi nzima huishia hapo. Watu wa Melbourne hawaoni cha ajabu katika jambo hili. Ijumaa Glenys alipiga magoti sakafuni na wanawake wengine saba, na bango likasomeka:

KIOO CHETU CHA WIMMERA KIMEPASUKA MARA TELE
MECHI MIA LEO HII, KIOO SONGA MBELE

Jumamosi asubuhi kocha Stannard akamwita Brodie ofisini.

"Kaa, Brodie."

"Nikikaa nitasikia habari mbaya, kocha."

"Utakaa tu. Leo utakaa sana." Stannard hakugundua alichokuwa amekisema. "Taj amepona. Tumbo limetulia, kala na mkate."

"Nafurahi kwa ajili yake."

"Kwa hiyo wewe utavaa kizibao."

Kizibao cha kijani huvaliwa na mtu wa ziada. Anakaa benchi na jezi yake imefunikwa, akisubiri mwenzake aumie kiasi cha kutoweza kurudi. Asipoumia mtu, anakaa hadi king'ora cha mwisho, na kwenye kumbukumbu za ligi anahesabiwa sawa na mtu aliyebaki nyumbani akikata majani ya bustani.

"Kwa hiyo ni mia au si mia?" Brodie akauliza.

"Ukiingia ni mia. Usipoingia ni tisini na tisa, na supu ya moto." Stannard akajikuna sikio. "Leo tukishinda tunaingia fainali za wiki ijayo, Brodie. Siwezi kupanga timu kwa huruma. Muombee mtu aumie." Kisha akaongeza, "Natania."

Brodie akampigia mama yake simu.

"Mama, bango mmelimaliza?"

"Limekwisha tangu jana, mwanangu. Vidole vimegandana, hata simu nimeishika kwa viganja. Kwani vipi?"

Akamweleza. Upande wa pili akasikia sauti za wanawake wakishauriana.

"MIA ina urefu wa mtu mzima," Glenys akasema aliporudi. "Hatuwezi kuifuta."

"Basi iacheni, Mama."

"Beryl anasema tukiiacha tutakuwa tumeidanganya hadhara. Usijali. Tutaongeza neno dogo."

Saa tano asubuhi, kabla ya wachezaji kuvaa, klabu ilifanya hafla fupi ya kumkabidhi Brodie jezi yake. Kwa hafla kama hizo humleta Mick Dallimore. Zamani Dallimore alikuwa nahodha, na sifa yake kuu ilikuwa kuendelea kucheza baada ya kugongwa kichwa. Picha yake ipo ukutani mwa chumba cha kubadilishia nguo: macho hayaangalii popote, damu imefika kidevuni, na chini yake pameandikwa MOYO WA KWARARA. Sasa alikuwa na miaka arobaini na minane, na klabu ilimpenda kiasi kwamba ilimpa chakula cha mchana bure kila mechi ya nyumbani.

Dallimore akampa Brodie jezi, akamshika bega.

"Hongera, Stephen."

"Naitwa Brodie, mzee."

"Ndiyo, Brodie." Akafikiri kidogo. "Stephen ni nani?"

Watu wakacheka, cheko la upendo ambalo watu wa Coldbrook wamemtungia Dallimore, kisha wakapiga makofi ili wasicheke tena. Mkewe akamshika kiwiko na kumgeuza taratibu, kwa sababu alikuwa ameanza kuelekea bafuni badala ya mlangoni.

Nahodha wa sasa, Angus Trevorrow, hakucheka. Yeye na Brodie walifika klabuni mwaka mmoja, wakapanga nyumba moja yenye paa linalovuja, na Angus akawa nyota huku Brodie akiwa mgonjwa. Angus ndiye aliyemsimamia Brodie harusi yake, na ndiye aliyemsukuma kwenye kiti cha magurudumu alipofanyiwa upasuaji wa goti, mara nyingine kwa kasi isiyo ya kitabibu.

"Wamekuvalisha kizibao kwenye mia yako?" Angus akanong'ona, amekunja uso. "Hawa watu hawana aibu."

"Kijani kinanipendeza."

"Kioo, nakwambia, hawana aibu."

Walipotoka kwenye njia ya kuingilia uwanjani, bango lilikuwa limesimamishwa, linatetemeka kwenye upepo baridi unaotoka mtoni. Mstari wa pili sasa ulisomeka: MECHI MIA LEO HII (LABDA), KIOO SONGA MBELE. Neno jipya lilikuwa la rangi ya kijani, limebandikwa upande, kwa kuwa karatasi ya bluu ilikuwa imekwisha. Uwanja mzima ukalisoma. Kicheko kilianzia upande wa wageni, kikazunguka kama mtu anayetafuta kiti chake, kikafika kwa wenyeji na kupokelewa vizuri.

Desturi inataka mwenye siku yake atangulie. Brodie akakimbia peke yake mbele ya wenzake, kizibao kikipepea, akalipasua bango katikati ya LABDA. Halafu akageukia benchi, akaketi.

Nyuma ya benchi alikaa mzee mmoja aitwaye Col, mwenye chupa ya chai, skafu iliyofumwa na marehemu mkewe na mdomo aliozaliwa nao. Tiketi yake ilikuwa ya kiti hicho hicho miaka yote.

"Kioo," akaita. "Hapo ulipo ndipo hujawahi kuumia. Kaa vizuri, usije ukavunja rekodi."

"Nashukuru, mzee Col."

"Chai?"

"Baadaye."

"Muda unao."

Mechi, ambayo huchezwa kwa robo nne, ilikwenda bega kwa bega. Stonegate, wageni wenye jezi za michirizi myekundu, walikuwa hawana cha kupoteza, na watu wa namna hiyo hucheza kwa raha inayoudhi. Brodie alipasha misuli moto kila robo, akikimbia kando ya mstari kwenda na kurudi, akafuatwa na macho ya Col.

"Anajichosha bure yule. Baki na nguvu za kupanda basi."

Mwishoni mwa robo ya tatu mpira ukapigwa juu, ukaning'inia kwenye upepo, na Angus akarudi kinyumenyume kuudaka bila kuangalia nani anakuja. Uwanja mzima hupenda sana mtu anayerudi hivyo, na humpenda kwa sababu anaweza kufa. Goti la beki wa Stonegate likamkuta juu ya sikio. Angus akaanguka, akakaa chini kitambo kidogo, kisha akainuka upesi kuliko kawaida na kuinua dole gumba. Uwanja ukanguruma kwa fahari. Daktari wa timu, Nirosha Weerakoon, alikuwa chumbani wakati huo akimshona mtu nyusi, na msaidizi wake, anayeangalia marudio kwenye skrini ili kubaini walioumia, alikuwa ameona migongo ya watu tu.

Angus akatoka kupumzika, kama wanavyotoka kwa zamu, akajibwaga karibu na Brodie. Akanywa maji. Akakitazama kizibao.

"Mbona umevaa hicho?"

Brodie akadhani ni utani. "Nimekwambia kijani kinanipendeza."

"Leo si mia yako?"

"Ndiyo, kaka. Si tumeongea asubuhi?"

"Hawa watu hawana aibu," Angus akasema, kwa hasira ile ile na uso ule ule uliokunjwa. Akanywa maji tena. Akautazama uwanja kama mtu anayetazama mvua. Kisha akageuka. "Kioo. Mbona umevaa kizibao?"

Brodie akahisi baridi ambayo haikutoka mtoni.

"Angus. Tunacheza na nani?"

"Usinianze."

"Niambie tu. Tunacheza na nani?"

Angus akawaangalia wale wenye michirizi kwa muda mrefu. "Hao hapo," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, akiwa amezinduka kiasi cha kujua kuna kitu amekipoteza ila hajui ni kipi, "Nyamaza, Kioo. Nimeguswa kidogo. Wakiandika nimeumia kichwa, sheria inanizuia wiki ijayo, sichezi fainali."

"Umeniuliza jambo moja mara mbili."

"Miaka yote hii sijacheza fainali hata moja. Naomba."

Brodie hakuwahi kumsikia Angus akisema naomba, hata kwa mhudumu wa baa.

"Na wote watasema umeniuza ili upate mia yako," Angus akaongeza.

"Najua."

"Na mimi nitasema."

"Najua, kaka."

Hapo ndipo shida ilipokuwa, na Brodie aliiona kwa ukamilifu wake wa kuchekesha. Angekuwa mtu mwingine yeyote kwenye benchi lile, jambo lingekuwa jepesi: angesimama, angesema, na magazeti yangempa aya moja nzuri. Lakini yeye ndiye mwenye kizibao. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya mpira, lililo sawa na lile alilolitamani yalikuwa yamekaa upande mmoja, na kukaa kwao pamoja kulinuka vibaya. Akajichunguza haraka. Je, angesema hata kama kizibao kingekuwa mgongoni kwa mwingine? Alitumaini hivyo. Kutumaini si ushahidi. Na bado aliutaka ule mlango, aliutaka hata sasa, huku rafiki yake akiwa ameshika chupa ya maji kichwa chini miguu juu na kushangaa mbona imekwisha.

Akanyanyua macho kwenye jukwaa la wageni waalikwa. Mke wa Dallimore alikuwa akimfuta mumewe sosi ya nyanya shavuni. Kisha akamwelekeza kwa kidole uwanjani, akimwonyesha ni timu gani ya kushangilia. Dallimore akatikisa kichwa kwa shukrani. Mtu aliyepita njia ile angedhani ni baba mdogo kutoka nchi za nje aliyekuja kuona mchezo kwa mara ya kwanza.

Dk. Weerakoon akatokea mlangoni akivua glavu. Brodie akamwendea kabla miguu haijabadili mawazo.

"Mtazame Angus. Amerudia swali moja mara mbili na hajui tunacheza na nani. Kagongwa hapa, juu ya sikio."

Daktari akamtazama Angus kwa mbali. "Lini?"

"Sasa hivi, ulipokuwa ukishona nyusi. Na tafadhali, daktari, usiniingize mimi."

"Nani mwingine aingie?"

"Tucheze pungufu."

"Haskett," daktari akasema, akianza kutembea, "mimi natibu vichwa. Sifa yako sina dawa yake."

Maswali hayakuchukua muda. Angus alijibu mwezi kwa ufasaha, ila haukuwa mwezi huu. Daktari akanyanyua simu ya benchi, ile inayokwenda moja kwa moja kwenye chumba cha vioo juu ya jukwaa anakokaa kocha, akasema maneno machache, akasikiliza mengi, kisha akampa Brodie.

"Una uhakika na ulichokiona?" Stannard akauliza.

"Nina uhakika, kocha."

"Nampoteza leo na wiki ijayo. Unanielewa?"

"Kama wiki ijayo itakuwepo."

"Na wewe unapata mia yako."

"Ndiyo."

"Inapendeza sana," Stannard akasema, akakata simu.

Brodie akavua kizibao. Palepale skrini kubwa, ambayo haina moyo na hufanya ilivyopangiwa, ikawaka fataki za dhahabu na maandishi HASKETT: MECHI YA 100. Makofi yakaanza. Yakafika katikati, ndipo watu walipomwona Angus Trevorrow akipelekwa chumbani, mkono wa daktari mgongoni mwake, akitembea wima kabisa na kugeuka geuka kumtafuta mtu wa kumlaumu. Habari za benchi husafiri upesi kuliko mpira. Makofi yakafa moja moja.

"Umepata ulichokitaka, Kioo," Col akasema nyuma yake. Safari hii hakutania. "Usivunjike sasa. Utatuaibisha."

Brodie akaingia. Wenzake walimpisha nafasi yake bila kumpiga bega, kama inavyofanyika kwa mtu anayeingia kwenye lifti. Kutoka nyuma ya nguzo za goli, kwenye kundi la wenye mabango, aliona kipande cha karatasi kilichochanwa kikiinuliwa na mikono miwili. Kilisema MIA. Ile mikono aliijua. Neno la kijani halikuwepo. Lilikuwa chini, limekanyagwa na timu nzima.

Katika robo ile ya mwisho aligusa mpira mara nne. Mara tatu za kwanza hakuna atakayezikumbuka, na yeye mwenyewe hakuwa na uhakika na ya pili. Ya nne ilikuja dakika za mwisho, Coldbrook wakiwa nyuma kwa pointi tatu. Aliudaka mpira akikimbia, matope yameujaza uzito, nguzo ziko kushoto kwake kwenye pembe mbaya. Mpira ukipita kati ya nguzo mbili za katikati ungewapa pointi sita na fainali. Ukipita pembeni, au ukigonga nguzo, ungewapa moja, ya kuwafariji. Uwanja mzima ukasimama. Alijua wanachokitaka: apige, akikosa wamchukie kwa raha, akipata wamsamehe nusu. Lakini mbele ya goli, peke yake, amesahauliwa na mabeki wote, alikuwa amesimama Taj Lindqvist akipunga mikono kama mtu anayezama.

Brodie akampa. Ilikuwa pasi safi, pengine pasi safi kuliko zote katika mechi zake mia, ikamkuta Taj kifuani.

Taj, mzima wa tumbo, akapiga nguzo.

Pointi moja. King'ora kikalia, Stonegate wakaruka juu kwa furaha ya watu wasioenda popote, na msimu wa Kwarara ukaisha kwa tofauti ya pointi mbili.

Kuna desturi nyingine ambayo kila mtu anaijua. Mwenye mechi ya mia hutoka uwanjani amebebwa mabegani na wenzake wawili, na wapinzani hupanga mistari miwili na kumpigia makofi apite katikati. Wachezaji wa Stonegate, wenye malezi mema, wakapanga mistari. Wakasubiri. Coldbrook wakapita pembeni, mmoja mmoja, macho chini. Brodie akabaki mwanzoni mwa njia ile ya watu kama mgeni aliyefika harusini siku isiyo yenyewe. Mtu mmoja wa Stonegate akapiga makofi mawili, akaona yuko peke yake, akajikuna. Mistari ikayeyuka. Brodie akatembea hadi mlangoni kwa miguu yake, ambayo kwa maajabu ya siku ile ilikuwa mizima yote miwili.

Chumbani wachezaji walikaa chini ya makabati yao, chini ya majina ya dhahabu, wakivua viatu taratibu kama vinauma. Angus alikuwa ameketi kwenye meza ya kukandia misuli, barafu shingoni, Dk. Weerakoon kando yake. Kocha Stannard akasimama katikati, akafungua mdomo aanze hotuba.

"Tumeshinda?" Angus akauliza.

Stannard akasita. "Hapana, nahodha. Pointi mbili."

"Ah." Angus akainamisha macho. Stannard akafungua mdomo tena. Angus akainua uso, ukiwa mweupe na wenye matumaini mapya kabisa. "Tumeshinda?"

Kiatu kimoja kilidondoka mahali fulani. Mchezaji aliyeketi chini ya picha ya Dallimore, ambaye tangu king'ora kilie alikuwa akimtazama Brodie kwa jicho la kumtoboa, akaacha kumtazama. Stannard akafumba mdomo wake. Inaelekea hotuba ilikuwa na sehemu kuhusu uaminifu, na sehemu hiyo akabaki nayo tumboni.

"Tumefungwa, Angus," Brodie akasema.

Angus akamgeukia. Akalikagua tope lake kuanzia magotini hadi masikioni.

"Kioo. Uliingia?"

"Niliingia."

"Basi mia imetimia."

"Imetimia."

"Nani wamekubeba?"

Brodie akainama kufungua kamba za viatu vyake. Angus akaangalia chumba kizima, mtu kwa mtu, uso umekunjwa vile vile kama asubuhi.

"Hamjambeba? Hawa watu hawana aibu." Akaanza kushuka mezani. "Nitambeba mimi."

"Wewe hubebi hata kikombe," Dk. Weerakoon akasema, akamrudisha kwa kiganja kifuani.

Wa kwanza kusimama alikuwa Taj Lindqvist, macho mekundu, soksi moja mguuni. Kisha akasimama yule wa chini ya picha. Wakachuchumaa mmoja kila upande, wakaingiza mabega chini ya mapaja ya Brodie, lile la kushoto na lile la kulia, wakamnyanyua.

Chumba kile dari yake ni ya chini na imejaa mabomba.

"Kichwa," daktari akasema kwa ukali. "Jamani, angalieni kichwa chake."

Brodie akajikunja hadi kidevu kikagusa goti. Hivyo ndivyo alivyosherehekewa: amekunjwa kama kiti cha ufukweni, tope linadondokea masikio ya Taj, anapita chini ya bomba la maji moto, bila kamera, bila Stonegate, bila mzee Col, makofi ya watu waliovua viatu yakigonga kuta za vigae. Wakampeleka hadi kabati namba arobaini na tatu. Wakamshusha mbele ya mlango mtupu, na Taj akaupiga mlango ule kwa kiganja mara moja, kama mtu anayebisha hodi.

Brodie akaenda kukaa mezani karibu na Angus.

"Tumeshinda?" Angus akauliza.

"Tumefungwa, kaka. Pointi mbili."

"Nani alikosa?"

Kando ya ukuta Taj akaitazama soksi yake.

"Nguzo," Brodie akasema. "Ilisimama mahali pabaya."

Angus akatikisa kichwa kukubali, akakumbushwa na daktari asikitikise. Halafu akauliza kama Glenys ameleta ile keki yake ya tende. Brodie akamwambia ameileta, iko kwenye gari. Alipouliza tena, akamwambia tena.